Kamera Iliyovaa Gwanda

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesimulia historia kwa Kiswahili kwenye YouTube alitoa simulizi yake ya Hiroshima. Kazi zake nazipenda. Ana sauti nzuri na hana papara. Alipofika saa mbili na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 akanyamaza, kama inavyostahili, na kwenye kioo likapanda wingu. Nikasimamisha video, nikairudisha nyuma. Chini ya wingu lile kulikuwa na meli.

Bomu la Hiroshima lililipuka angani, kama mita 600 juu ya mji. Wingu alilotuonyesha ni la jaribio la nyuklia la Marekani lililoitwa Baker, lililofanywa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, tarehe 25 Julai 1946, karibu mwaka mzima baadaye. Bomu la Baker lililipuliwa chini ya maji, ndiyo maana likainua mnara wa maji ya bahari, na yale madoa meusi kwenye kitako cha mnara ni manowari zilizopangwa pale kusudi ili jeshi lione zitafanywa nini.

Nikamwandikia. Akajibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila mtazamaji anataka kuona wingu, na lile ndilo wingu zuri kuliko yote."

Kwa hilo sina ubishi. Ni zuri kuliko yote kwa sababu lilipangwa liwe zuri. Wingu la Hiroshima lilipigwa filamu na mwanasayansi kijana, Harold Agnew, kwa kamera ndogo ya milimita 16 kutoka kwenye ndege iliyofuatana na ile iliyodondosha bomu. Picha inatikisika, haina sauti, na inaisha upesi. Bikini mambo yalikuwa mengine kabisa: siku na saa zilijulikana, kamera zilifungwa kwenye ndege, melini na kwenye minara iliyojengwa visiwani, na waandishi wa habari walialikwa kama watu wanaoalikwa harusini. Bomu la Hiroshima lilikwenda vitani. La Bikini lilikwenda studio.

Tukitazama filamu za jeshi na serikali ya Marekani za miaka ya 1940 hadi 1960, wengi wetu tunazitazama kama mtu anayechungulia dirishani. Mimi naona tungezisoma kama tunavyosoma barua ya serikali: nani kaagiza, nani kapelekewa, nani kakatazwa kuiona. Kamera zile zilikuwa na namba ya jeshi, na mtu aliyezishika alikuwa na cheo na mkubwa wa kumpigia saluti. Sisemi ni uongo. Ila ukweli wake mwingi umejificha pale agizo lilipokwama, kwenye vipande vilivyorudiwa na kwenye makopo yaliyofungiwa kabatini.

Chukua Bikini hiyohiyo. Jumapili ya tarehe 10 Februari 1946, watu wa kisiwa walipotoka kanisani, Komodoro Ben Wyatt, gavana wa kijeshi wa Visiwa vya Marshall, aliwaomba wahame kwa muda kwa faida ya wanadamu wote. Chifu wao, Juda, alishauriana na wenzake wakakubali. Kukataa kwenyewe kungekuwaje, mbele ya jeshi lililotoka kuishinda Japani? Lakini mazungumzo ya siku hiyo siyo tunayoyaona kwenye filamu. Mwezi uliofuata, watu wakiwa wanafunga virago, wapiga picha walikuja na mazungumzo yakachezwa upya. Wyatt kakaa chini ya minazi, wenyeji wamekaa chini mbele yake, mkalimani yupo. (Mtu wa Pwani akizima sauti anaweza kudhani ni Mafia au Pate.) Wyatt anauliza kama wako tayari kuhama. Juda anajibu kwamba yote yamo mikononi mwa Mungu. Haikutosha. Rudia. Wyatt anauliza tena, Juda anajibu vilevile. Rudia.

Vipande vilivyorudiwa havikutupwa, navyo vinasema zaidi kuliko kile kilichopelekwa kwenye majumba ya sinema. Kwenye toleo la sinema unamwona chifu anayekubali kwa moyo mweupe. Kwenye vipande vyenyewe unamwona mtu mzima anayeagizwa kuitoa nchi yake mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka mwanga na sauti vikae sawa. Tarehe 7 Machi watu 167 walipakiwa melini wakapelekwa Rongerik, ambako chakula hakikutosha na wakaanza kuumwa na njaa. "Kwa muda" ile bado haijaisha.

Kwa nini picha hizi zimeenea kiasi hiki, mpaka simulizi ya Kiswahili inayotengenezewa chumbani Mbagala inazitumia? Sababu ni ya kisheria na haina mvuto wowote: kazi iliyofanywa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani haina hakimiliki nchini mwao. Mikanda ya mashirika binafsi ya habari hulipiwa, tena si kidogo. Ya Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi la nchi kavu, unaichukua Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani bila kumwomba mtu ruhusa. Kampuni ya Universal nayo iliipa hifadhi hiyo filamu zake za habari, zile fupifupi zilizokuwa zikionyeshwa sinema kabla ya picha kubwa kuanzia 1929 hadi 1967. Ongeza The Big Picture, kipindi cha televisheni kilichotengenezwa na jeshi lenyewe kuanzia 1951 na kugawiwa vituo bure. Ongeza Lookout Mountain, studio ya jeshi la anga iliyokuwa juu ya vilima vya Hollywood, ambako kuanzia 1947 mafundi wa sinema walioapishwa kutunza siri walisafisha na kuhariri filamu za mabomu ya nyuklia. Asiye na bajeti atachukua cha bure, na cha bure kilipigwa na jeshi. Ndivyo kumbukumbu ya nusu ya dunia kuhusu karne ya ishirini ilivyopata mhariri mmoja bila kupiga kura.

Kuna mambo ya kiufundi yanayomsaidia mtazamaji, na yananifurahisha kama fundi saa anavyofurahia saa bovu. Kamera iliyotumika sana mstari wa mbele ni Eyemo ya milimita 35. Haikuwa na betri. Uliizungusha ufunguo kama saa ya mezani, ukabonyeza, ikakimbia chini ya nusu dakika ikasimama, ukazungusha tena. Mkanda wake wa futi 100 ulikuwa wa dakika moja na ushei. Na ilikuwa bubu. Kwa hiyo ukiona mapigano ya mwaka 1944 ambapo kila mzinga unasikika sawasawa na moshi wake, sauti ile imepikwa studio. Ukiona shambulio refu lisilokatika, jiulize limeunganishwa wapi. Na swali ninalolipenda kuliko yote: mpiga picha kasimama wapi? Askari wanakimbia kuelekea kwenye kamera, nyuso zinaonekana vizuri, vumbi linatimka. Basi mwenye kamera yuko mbele yao, kampa adui mgongo. Jasiri kweli huyo.

John Huston, mwongozaji wa sinema wa Hollywood aliyekuwa jeshini, alifanya hivyo katika filamu yake ya kijiji cha San Pietro, Italia, iliyotoka 1945. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama filamu ya mapigano halisi kuliko zote. Baadaye watafiti walipolinganisha mikanda na kumbukumbu za jeshi ikabainika kwamba sehemu kubwa ya mapigano yale iliigizwa na askari wa divisheni ya 36 baada ya mapigano ya kijijini pale kwisha. Walikuwa askari wa kweli, waliopigana pale kweli, wakaambiwa wapigane tena kwa ajili ya kamera. Kisa cha Pearl Harbor ni kibaya zaidi. Tarehe 7 Desemba 1941 hakuna aliyekuwa amejiandaa kupiga filamu, kwa hiyo filamu ya jeshi la majini iliyosimamiwa na John Ford na Gregg Toland, watu wa Hollywood, ilitengeneza shambulio kwa vinyago vya meli na waigizaji. Vipande vyake vimeingia katika vipindi visivyohesabika kama picha za siku yenyewe. Mlipuko halisi wa USS Arizona, uliopoteza watu 1,177, ulinaswa kutoka kwenye meli ya hospitali, na ni wa sekunde chache tu.

Nisieleweke kwamba kila kitu ni maigizo. Kisiwa cha Iwo Jima, Japani, kinanipinga, na napenda kinavyonipinga. Picha mnato ya Joe Rosenthal ya Marines wakisimika bendera tarehe 23 Februari 1945 ilituhumiwa kwa miongo kwamba ilipangwa. Aliyeiokoa ni Sajini Bill Genaust, aliyekuwa amesimama karibu na Rosenthal akipiga filamu ya rangi ya tukio hilohilo. Kwenye filamu mlingoti unapanda kwa mwendo mmoja, hakuna aliyegeuka kutabasamu, hakuna aliyeambiwa arudie. Miaka 70 baadaye filamu ile ikafanya kazi ya pili. Wadadisi waliokagua mikunjo ya sare na vifaa vilivyoning'inia viunoni walionyesha kwamba majina yaliyotajwa hayakuwa sahihi, na jeshi likakubali: mwaka 2016 likamwondoa John Bradley na kumweka Harold Schultz, na mwaka 2019 likamwondoa Rene Gagnon na kumweka Harold Keller. Tayari kulikuwa na sanamu ya shaba na maisha mazima yaliyojengwa juu ya majina yale. Genaust hakuona lolote. Siku tisa baada ya kupiga filamu ile aliingia katika pango kisiwani humo, akauawa, na mwili wake haukupatikana.

Sasa makopo yaliyofungiwa. Hapa sina haraka.

Huston yuleyule aliyeigiza San Pietro alitumwa mwaka 1945 kwenye hospitali ya jeshi ya Mason General, jimbo la New York, apige filamu ya askari waliorudi na majeraha ya akili. Agizo lilikuwa la kawaida: waonyeshe waajiri kwamba watu hawa wanatibika. Filamu ikaitwa Let There Be Light. Kuna askari mweusi mmoja anayehojiwa na daktari. Anaanza kueleza kwa utulivu habari ya picha aliyotumiwa na mpenzi wake, anafika katikati ya sentensi, uso unavunjika, analia kama mtoto, anaomba radhi kwa kulia. Kamera haiondoki. Jeshi lile bado lilikuwa likiwatenga weusi na weupe vikosini, lakini katika wodi ile wamekaa pamoja, kwa kuwa vita haikuwabagua. Mwaka 1946 filamu ilipokuwa karibu kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kisasa jijini New York, polisi wa jeshi walikuja kuichukua. Sababu iliyotolewa ni kulinda faragha ya wagonjwa. Ilifungiwa hadi Desemba 1980.

Ukipima kwa agizo, filamu ile ilishindwa kazi. Ndiyo sababu inaaminika kuliko San Pietro, ingawa aliyezitengeneza zote mbili ni mtu yuleyule.

Nagasaki ni kisa kizito zaidi. Wapiga picha wa Kijapani wa kampuni ya Nippon Eigasha ndio walioanza kurekodi miji miwili iliyoteketea. Utawala wa Marekani ukawazuia, kisha ukawaruhusu wamalize kwa masharti, kisha ukachukua kila kitu. Wao wakaficha nakala moja kwa siri. Mwanzoni mwa 1946 kikosi cha Marekani chini ya Luteni Daniel McGovern, akiwemo Herbert Sussan, kikafika na filamu za rangi. Katika hospitali ya Omura, Januari mwaka huo, walimkuta kijana aitwaye Sumiteru Taniguchi. Alikuwa na miaka 16 bomu lilipomkuta juu ya baiskeli akisambaza barua. Kwenye mkanda amelala kifudifudi, na mgongo wake wote, kuanzia shingoni, ni nyama nyekundu tupu. Anapumua. Unaona mbavu zikipanda na kushuka. Hakuna sauti, hakuna maelezo, taa za wapiga picha tu.

Mikanda hiyo ya rangi iliwekwa chini ya siri kwa miongo. Sussan alijaribu kwa miaka kuifanya itoke, akagonga ukuta. Mikanda ya Kijapani ilirudishwa nyumbani mwaka 1967. Ile ya rangi ilipofunguliwa, Wajapani wa kawaida walianza mwaka 1980 harakati waliyoiita ya Futi Kumi: kila mchangiaji alitoa yeni 3,000, gharama ya kunakili futi kumi za filamu kutoka hifadhi ya Marekani. Hakimiliki haikuwepo, kweli, lakini kunakili kulikuwa na bei. Miongoni mwa walioonekana katika zile filamu wengine walikuwa bado hai. Watu walichangishana kununua picha za majeraha ya ndugu zao, futi kumi kumi, kama kitambaa dukani.

Na kuna picha ambazo sijawahi kukutana nazo kabisa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York kabla jeshi halijamuuliza. Waliochimba na kubeba mawe yale ni Wakongo, watu wa eneo ambalo lugha ya migodini ilikuwa Kiswahili. Katika saa zote nilizotumia kutazama filamu za mabomu nimeona mbuzi waliofungwa melini Bikini, nimeona nyumba za maonyesho zenye midoli mezani katika jangwa la Nevada, nimeona maafisa wakivaa miwani myeusi na kutabasamu. Mchimbaji wa Shinkolobwe sijamwona hata kwa sekunde moja. Kamera huenda inakoagizwa, na mgodi ulikuwa siri.

Upande wa siasa ni mwepesi kidogo, lakini sheria ni ileile. Rais Franklin Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921, akaongoza nchi kwa miaka 12, na katika filamu zote za habari za enzi hizo karibu humwoni akijaribu kutembea; walinzi wake walizuia kamera, nazo zikatii. Kipande kinachomwonyesha waziwazi akivuta hatua, mkono kwenye chuma cha kushikilia, kilipigwa na mchezaji wa besiboli, Jimmie DeShong, kwa kamera yake ya nyumbani mwaka 1937. Sekunde nane. Kilijulikana kwa umma miaka zaidi ya 70 baadaye.

Mwaka 1954 Seneta Joseph McCarthy, msakaji wa wakomunisti, alijikuta mbele ya kamera ambazo hazikukatwa: vikao vya ugomvi wake na jeshi vilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa siku 36, na watu wakamwona akikatiza, akikejeli, akinung'unika, saa baada ya saa. Hotuba ya dakika mbili ingemficha. Januari 1955 Ikulu ya Rais Eisenhower iliruhusu kwa mara ya kwanza mkutano wa rais na waandishi upigwe filamu kwa ajili ya televisheni, kwa sharti kwamba ofisi ya msemaji wake iipitie kwanza. Mtu anaweza kusema ni sadfa tu.

Halafu Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Nchi yenye kamera tele, rais wake, John Kennedy, anauawa mchana kweupe, na rekodi kamili ni ya Abraham Zapruder, mwenye kiwanda cha nguo za wanawake, aliyepanda juu ya kiguzo cha saruji huku karani wake akimshika kwa nyuma asianguke kwa kizunguzungu. Sekunde 26 na kitu. Ingekuwa raha kuishia hapa na kumsifu raia mwenye kamera, lakini filamu ile nayo ilifungiwa. Jarida la Life liliinunua, likachapisha fremu moja moja, na Wamarekani kwa jumla hawakuiona ikitembea kwenye televisheni hadi Machi 1975. Mwaka 1999 serikali iliamriwa kuwalipa warithi dola milioni 16. Pesa nayo ina makabati yake.

Kuna siri na pesa, na kuna kuoza. Filamu za zamani za naitreti, plastiki ya awali, huwaka kama petroli. Tarehe 7 Desemba 1978 ghala la hifadhi huko Suitland, Maryland, liliungua, zikateketea futi milioni 12.6 za filamu za habari za Universal. Filamu za asetati zilizofuata haziwaki hivyo, bali zinachacha. Ukifungua kopo unanusa siki, na hiyo harufu ndiyo filamu yenyewe inayokufa. Mwanafizikia Greg Spriggs wa maabara ya Livermore, California, alianza kuzikusanya filamu za majaribio ya nyuklia, kama 10,000 kwa jumla, na mwaka 2017 maabara ikaanza kuzipandisha YouTube. Alipopima upya ukubwa wa moto fremu kwa fremu kwa kompyuta, aligundua kwamba baadhi ya vipimo vya zamani vilikosea kwa hadi asilimia 20 au 30. Kazi nzuri, na nimezitazama nyingi. Lakini zimepata mwokozi kwa sababu wanaotunza mabomu bado wanazihitaji: majaribio yamesitishwa, na takwimu mpya hazipatikani. Agizo lingali hai.

Nilimtumia yule kijana kipande cha Agnew, kile kinachotikisika. Akaangalia, akanijibu usiku huohuo: "Mzee, hii ndiyo Hiroshima kweli? Mbona haionyeshi kitu?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaniahidi ataiweka.

Juzi nimeitazama tena simulizi. Ameiweka kweli, kwa sekunde nne, na mvumo wa ndege juu yake. Halafu, anapofika kwenye idadi ya waliokufa, linapanda lile wingu lenye meli.